Ile taa ya kijani inasema nini? Historia fupi ya taa za kwenye bodi

Najua nimepotea wiki mbili tatu, si mnajua tena testi zikianza kufuatana kama mabehewa mtu anasahau hata kunyoa. Leo nimepata upenyo na nina jambo moja la kuongea, hasa na ndugu zangu wa mwaka wa mwisho walio kwenye projekti.

Mwaka huu karibu kila kikundi kina kibodi kidogo cha kompyuta. Wa umwagiliaji wana Raspberry Pi, wa mita za umeme wana Raspberry Pi, hata yule jamaa wa kuhesabu kuku anayo. Na kwenye vimbweta swali ni moja: "Mzee, bodi yangu imekufa, nifanyeje?" Ukimuuliza umejuaje kama imekufa, anakujibu "taa imewaka nyekundu tu" au "ile ya kijani inakonyeza konyeza halafu basi". Hapo hapo ameshampigia mama simu nyumbani kuomba hela ya nyingine. Bei ya hizo bodi si mnaijua, inakula sehemu ya boom ambayo ingekulisha wiki kadhaa. Kwa hiyo hili sio suala la mchezo, watu wanazika bodi zikiwa hai.

Mimi nimekaa na swali hilo nikaamua kulifuata kinyumenyume: hizi taa zilitoka wapi, na zamani watu walizisomaje? Nilichokipata ni kwamba karibu historia yake yote inazunguka swali moja ambalo sisi hatuulizi. Tunauliza "taa hii ina maana gani?" wakati swali la kwanza linatakiwa kuwa "taa hii inawashwa na nani?" Twende taratibu mtanielewa.

Tuanze na ENIAC, ile kompyuta kubwa iliyojengwa chuo kikuu cha Pennsylvania kule Philadelphia, Marekani, ikaonyeshwa kwa umma Februari 1946. Ilikuwa na valvu karibu 18,000, zile za vioo ambazo wazee wetu walizikuta kwenye redio za zamani. Haikuwa na skrini. Namba zilizokuwa ndani ya mashine zilionekana kwa vitaa vidogo vya neoni vilivyopangwa mbele ya makabati. Kila kitaa kilifuata hali ya sehemu yake ya mashine: sehemu hiyo ikibadilika, taa inabadilika. Hakuna programu iliyoamua iwake au izime. Ni sawa na kidirisha cha kuchungulia ndani ya nyumba, unachokiona ndicho kilichopo.

Kuna kisa maarufu hapo. Kwa ajili ya maonyesho ya waandishi wa habari wale wahandisi waliona vitaa vya neoni havionekani vizuri, wakachukua mipira ya pingipong, wakaikata nusu, wakaiandika namba na kuifunika juu ya taa. Watu wakaona namba zinacheza, wakashangaa sana. Na toka siku hiyo picha ya kompyuta vichwani mwa watu ikawa ni kabati lenye taa zinazowaka waka. Filamu nyingi zilizofuata zikaiga hivyo hivyo.

Lakini waliozisoma taa zile kwa kazi, sio kwa maonyesho, ni akina mama sita waliopanga mahesabu ya ENIAC: Kathleen McNulty, Betty Jean Jennings, Elizabeth Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hawa walisoma michoro ya mashine mpaka wakaijua, kiasi kwamba hesabu ikikosea waliweza kufuatilia tatizo karibu mpaka kwenye valvu yenyewe. Sio kwa sababu taa zilikuwa na akili. Ni kwa sababu wao walijua kila taa imefungwa kwenye nini. Kwa miaka mingi hawakutajwa kabisa. Wadada wa kitivo chetu, hiyo ni ya kwenu.

Sasa taa hizo za zamani zilikuwa na ugonjwa mmoja. Taa ikizima, unajuaje kama ndani kweli kuna sifuri au ni taa yenyewe imeungua? Huwezi kujua kwa kuitazama. Ndio maana kwenye mashine kubwa za IBM za familia ya System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, paneli ilikuwa na kitufe cha kujaribu taa. Unakibonyeza, taa zote zinawaka. Isiyowaka ndiyo mgonjwa, badilisha. Kitu kidogo lakini kina hekima kubwa: taa iliyozima haisemi "hapana", imenyamaza tu. Na ukimya una sababu nyingi. Shikeni hilo maana tutalihitaji mbele.

Turukie Julai 1969, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Wote tunajua Apollo 11 na kutua mwezini. Ndani ya chombo kulikuwa na kompyuta iliyobuniwa na maabara ya chuo cha MIT, na kwa kweli ile ni bibi wa hizi bodi zetu: kompyuta iliyopachikwa ndani ya kitu kingine ili ifanye kazi moja. Kumbukumbu yake ya kuandikwa na kufutwa ilikuwa na nafasi 2,048 tu, na ile ya kudumu nafasi 36,864. Haikuwa na skrini kama tunavyoijua. Wanaanga walikuwa na kibao chenye vitufe, tarakimu chache na safu ya taa. Taa moja iliwaka kila kompyuta inaposhughulika. Nyingine iliwaka ukikosea kubonyeza. Nyingine, iliyoandikwa PROG, iliwaka programu ikikutana na tatizo. Na walikuwa na amri ya kuwasha taa zote kwa majaribio, namba 35, kama kile kitufe cha IBM.

Ona tofauti na ENIAC. Taa ya PROG haionyeshi waya fulani una umeme au hauna. Inaonyesha uamuzi. Programu imejitazama yenyewe, imeona kuna shida, ikaamua kuwasha taa. Tumetoka kwenye kidirisha tumeingia kwenye mlinzi anayepiga kengele. Mlinzi ni mzuri, lakini inabidi ujue kengele yake ina maana gani.

Tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakiwa wanashuka kuelekea mwezini, taa ile ikawaka. Walipoiuliza kompyuta ikatoa namba 1202. Fikiria wewe uko pale, mafuta yanapungua, halafu mashine inakupa namba nne tu bila maelezo. Kule Houston aliyetakiwa kuamua kuhusu kompyuta alikuwa Steve Bales, miaka 26. Aliyemsaidia toka chumba cha nyuma ni Jack Garman, miaka 24. Yaani vijana wa rika letu kabisa, umri wa watu tunaopanga nao foleni ya kantini.

Sasa kilichowaokoa sio kipaji. Siku chache kabla ya safari, kwenye mazoezi, walipewa onyo la kompyuta la namna hiyo na wakaamua safari ikatishwe, ikaja kuonekana hakukuwa na haja. Mkuu wao Gene Kranz akataka maonyo yote yapitiwe moja moja. Garman akaandika orodha kwa mkono: namba hii maana yake hii, ukiiona fanya hivi. Basi 1202 ilipotokea kweli, jibu lilikuwa tayari kwenye karatasi. Maana yake ilikuwa kompyuta imezidiwa na kazi, haina nafasi ya kupokea nyingine, hivyo inajianzisha upya, inaendelea na zile za muhimu na kuacha zile ndogo. Rada moja iliyokuwa haihitajiki wakati ule ilikuwa inaijazia mashine hesabu za bure. Ilimradi onyo halijirudii mfululizo, endeleeni. Likatokea tena, ikaja na ndugu yake 1201, wakaendelea, wakatua.

Nawaambia jamani, mimi nikisoma kisa hiki sioni sana roketi. Naona ile karatasi. Taa ilisema "kuna kitu". Namba ikasema "ni kitu gani". Karatasi ikasema "ufanye nini". Ukiwa na taa bila karatasi una hofu tu.

Wakati huo huo taa zenyewe zilikuwa zinabadilika. Mwaka 1962 Nick Holonyak, akifanya kazi General Electric, alitengeneza LED ya kwanza ya mwanga mwekundu iliyokuja kufaa kwa matumizi ya kawaida. LED haina uzi wa kuungua, inakula umeme kidogo sana, na inakaa juu ya bodi yenyewe pamoja na chipu. Ugonjwa wa taa kuungua ukapungua sana, ingawa ule wa ukimya ukabaki.

Januari 1975 jarida la Popular Electronics likaweka kwenye jalada kompyuta iitwayo Altair 8800. Hii watu waliijenga wenyewe nyumbani. Haikuja na kibodi wala skrini, ilikuja na swichi na taa za LED mbele: 16 za anwani, 8 za data, na nyingine 12 za hali ya mashine. Unataka kuona kilichomo kwenye kumbukumbu? Unaweka anwani kwa swichi, unasoma taa nane. Zikiwaka ya kwanza, ya tatu, ya sita na ya nane ukihesabu toka kushoto, hiyo ni 128 jumlisha 32 jumlisha 4 jumlisha 1, jibu 165. Mashine ikikimbia taa zinakuwa ukungu mwekundu tu, jicho haliwezi kufuata. Lakini programu ikikwama kwenye mzunguko mfupi, taa za anwani zinaganda kwenye sura moja, na mwenye mashine anajua hapa imenasa. Bado ni kidirisha kile kile cha ENIAC, ila kwenye meza yako.

Halafu zikaja skrini. Apple II mwaka 1977, IBM PC mwaka 1981, na taa za mbele zikafa karibu zote. Kwa nini usome taa nane wakati mashine inaweza kukuandikia sentensi? Zikabaki mbili, ya umeme na ya diski. Hata kabla skrini haijawaka, PC ilizungumza kwa mlio: mlio mmoja mfupi, mambo safi, milio mingine, kuna tatizo.

Na hapa ndio kuna utamu wa historia yenyewe. Bodi ndogo zilipoanza kusambaa, tumerudi kule kule kwenye mashine isiyo na skrini, ila safari hii hatuna taa 36. Tuna mbili, au moja. Ndani kuna mambo mengi kuliko Altair mara elfu, na mdomo umekuwa mdogo kuliko wa Altair. Matokeo yake taa ikajifunza kuongea kwa kuhesabu: konyeza mara nne, tulia, konyeza mara nne.

Raspberry Pi ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, toka Cambridge, Uingereza. Bodi ya kwanza, Model B, ilikuwa na taa tano kwenye kona moja. Ukiuliza swali langu la "inawashwa na nani" unakuta zina mabwana watatu tofauti! Ile nyekundu ya PWR ilifungwa moja kwa moja kwenye umeme wa volti 3.3. Zile tatu za mtandao zilikuwa mali ya chipu ya mtandao. Na ile ya kijani ilishikwa na programu: kwanza programu ya ndani ya chipu wakati wa kubuti, halafu Linux ikishaamka inaichukua. Kidirisha, mlinzi na mtumishi, wote wamesimama mstari mmoja na nguo zinazofanana. Sasa wewe unawasoma wote kwa lugha moja, utaelewa nini?

Tena hata majina yao yalidanganya. Kwenye bodi za mwanzo taa ya kijani iliandikwa OK. Mtu anaona OK haijawaka, anasema basi bodi sio OK. Baadaye wakabadilisha wakaandika ACT, yaani shughuli. Na taa moja ya mtandao iliandikwa 10M wakati ilikuwa inawaka kasi ikiwa megabiti 100. Toleo lililofuata wakarekebisha ikaandikwa 100.

Hata hesabu ya kukonyeza imebadilika. Mara tatu, mwanzoni mwa 2012, ilimaanisha faili la loader.bin halijaonekana. Ndani ya mwaka huo huo programu ya chipu ikabadilishwa na mara tatu ikawa start.elf halijaonekana. Leo kwenye maelezo ya wenyewe mara tatu ni kushindwa kubuti kwa ujumla, na start.elf kutoonekana ni mara nne. Mara saba ni faili la kerneli halipo. Mara nane ni tatizo la kumbukumbu yenyewe, na hapo ndio unaruhusiwa kuanza kuhuzunika. Kwa hiyo ukichukua orodha iliyoandikwa 2012 ukamsomea mgonjwa wa leo, unampa dawa ya mtu mwingine. Karatasi ya Garman ilifaa kwa sababu iliandikwa kwa programu ile ile iliyokuwa inaruka.

Sasa turudi chuoni. Kuna kikundi cha mwaka wa mwisho kilikuwa na Raspberry Pi 3, taa nyekundu inawaka, ya kijani kimya kabisa. Fundi mmoja mjini akawaambia chipu imeungua, wakaanza kuchangishana. Tuwaulize wale mabwana. Nyekundu inatulia bila kuzima, kwa hiyo umeme unaingia na unatosha. Kwenye modeli hiyo umeme ukishuka chini ya volti 4.63 taa nyekundu huzima. Kijani haijakonyeza hata mara moja, kwa hiyo hata hatua ya kwanza ya kusoma kadi ya SD haijafanikiwa. Kwenye Pi 3 kazi hiyo inaanza kwenye kadi. Sasa kati ya "chipu imeungua" na "kadi haisomeki", kipi kijaribiwe kwanza? Wakaweka kadi nyingine iliyoandikwa upya. Ikabuti. Mchango ukarudishwa, wengine wakala chipsi.

Kikundi kingine walikuwa na kinyume chake: kijani inacheza vizuri, nyekundu inazima zima kila pampu ikianza. Wao walishangilia kijani. Kumbe ujumbe ulikuwa kwenye nyekundu: umeme unashuka. Waya wa kuchajia simu, mwembamba, na pampu imeunganishwa hapo hapo. Wakatenganisha umeme wa pampu, ikaisha.

Na mtego wa mwisho, huu unawakamata hata wajuzi. Kwenye Pi taa ya kijani, Linux ikishaamka, kwa kawaida inafuata usomaji wa kadi, sio kazi ya prosesa. Programu yako inaweza kuwa inapiga hesabu nzito kwenye kumbukumbu na taa imezima tuli. Haijaganda, iache! Upande wa pili, Linux ina mtindo wa kuifanya taa ipige kama moyo, du-du, kimya, du-du. BeagleBone Black ya mwaka 2013 ina taa nne na moja inapiga hivyo. Ile inakuambia kerneli iko hai tu. Programu yako inaweza kuwa imekufa toka jana na moyo bado unadunda. Zaidi ya hapo, mwenye bodi anaweza kubadilisha taa ifuate nini kwa mstari mmoja tu wa amri, kwa hiyo ukiazima bodi ya mtu muulize kwanza.

Siku hizi tumefika taa moja. Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 ina taa moja yenye rangi mbili inayofanya kazi ya PWR na ACT kwa pamoja. Sitashangaa wadogo zetu wakija kuwa na taa moja kwa kila kitu, na tutaendelea kuisoma kama watabiri wanavyosoma kahawa.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hujapiga simu nyumbani, jiulize matatu. Taa hii inawashwa na nani: umeme wenyewe, chipu nyingine, au programu? Ikizima, kuna sababu ngapi za huo ukimya, na unaweza kuzijaribu moja moja? Na orodha unayoitumia ni ya bodi ipi na ya mwaka gani? Ukishajibu, andika kwenye karatasi ubandike juu ya boksi la projekti yako. Msimamizi akija siku ya kutetea na mashine ikakataa mbele yake, utakuwa na cha kusoma badala ya kutoka jasho.

Haya, mimi narudi kwenye kitabu, Jumatatu nina testi ya mawasiliano ya simu na sijagusa kitu. Mwenye bodi anayodhani imekufa aje nayo vimbwetani jioni, aje na kadi ya pili na waya mnene. Soda ni juu yenu.